Mtoto Hutafutwa na Wawili



Katika vikundi vyetu tunazungumza mambo mengi: karo ya shule, bei ya unga, malaria ya watoto, zamu ya likelemba. Jambo moja tunalisema kwa sauti ya chini, na mara nyingi tunangoja mwenyewe aondoke kwanza. Ni jambo la mwanamke aliyeolewa na hapati mimba. Nimeomba nafasi juma hili ili nilizungumze waziwazi, kwa sababu mwanamke huyo nilikuwa mimi kwa zaidi ya miaka mitano.

Niliolewa hapa Bukavu mwaka 2009, nikiwa na miaka 24. Bwana yangu ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma; mimi nauza vitenge katika soko la Kadutu. Familia yake ilitoa ng'ombe wa mahari, na ninyi mnajua: ng'ombe wakishafika, watu wanaanza kuhesabu miezi. Mwaka wa kwanza walinitazama tumbo tu. Mwaka wa pili mama mkwe aliniuliza kwa upole kama ninalala vizuri. Mwaka wa tatu shangazi ya bwana yangu hakuuliza tena. Alisema mbele ya wageni kwamba kaka yake alitoa ng'ombe kwa mti usiozaa.

Kwetu mwanamke akishazaa jina lake hubadilika. Anakuwa Mama Furaha, Mama Amani, Mama Bahati. Wenzangu wa umri wangu wote walibadilika majina, mimi nikabaki na jina nililotoka nalo kwa baba yangu. Anayesikia kwa mbali ataona ni jambo dogo. Anayeishi ndani yake anajua kwamba kila mara mtu anapokuita, anakukumbusha.

Nikapelekwa huku na huku. Nilinyweshwa mizizi, nikakandwa tumbo na mama mzee mmoja wa kijijini, nikapewa majani ya kujiosha ndani. Nilifunga na kusali siku nyingi, na kusali sijaacha hata leo. Katika kituo kimoja cha afya nilichomwa sindano za antibiotiki mara tatu katika mwaka mmoja, bila kupimwa damu wala mkojo. Kila mara niliambiwa nina uchafu katika kizazi. Mahali pote hapo, kwa wenye mizizi na kwa wenye sindano, hakuna aliyeuliza habari za bwana yangu.

Aliyeuliza ni dokta mmoja mwaka 2013. Nilipoketi mbele yake alitazama kiti cha pili, kikiwa kitupu, akasema, "Mama, bwana yuko wapi?" Nikamwambia yuko kazini. Akasema, "Nitakuandikia vipimo vyako, lakini siwezi kupima ndoa kwa kumpima mtu mmoja. Rudini wawili."

Kwanza tujue tunazungumza nini

Dokta alianza na hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema kuna shida ya uzazi pale ambapo mume na mke wamekutana mara kwa mara, bila kuzuia mimba, kwa miezi 12 au zaidi, na mimba haikuingia. Kabla ya hapo kungoja ni kawaida, kwa maana hata watu wazima wa afya hawapati mimba kila mwezi. Katika ndoa 10, karibu 8 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Lakini mwanamke aliyefikisha miaka 35 asingoje mwaka mzima. Akimaliza miezi sita aende apimwe, kwa sababu mayai hupungua na kuchoka kadiri umri unavyopanda.

Neno "mara kwa mara" ni muhimu kwetu. Wengi wetu bwana zetu wako Kamituga au Shabunda wakitafuta dhahabu, wanarudi nyumbani mara moja katika miezi miwili. Yai la mwanamke hutoka mara moja kwa mwezi, kama siku 14 kabla ya damu inayofuata, na halidumu hata siku mbili. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku tano. Ikiwa bwana anakuja na kuondoka nje ya siku hizo, mimba haiwezi kuingia hata kama wote wawili ni wazima. Mama kama huyo ana shida ya safari, na hakuna mizizi ya kutibu safari. Kwa wanaokaa pamoja, dokta alisema kukutana kila siku mbili au tatu kunatosha. Hakuna haja ya kuhesabu saa.

Shirika hilo lilitangaza mwaka 2023 kwamba duniani mtu 1 kati ya 6 hukutana na shida hii wakati fulani wa maisha yake. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye shida, mwanaume ana sehemu yake: mara nyingine yeye peke yake, mara nyingine pamoja na mke. Sentensi hiyo nilimwomba dokta airudie.

Kipimo cha bwana

Bwana yangu alikataa kwa miezi minne. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa. Kwa wanaume wengi wa kwetu, kupimwa mbegu ni kama kuambiwa wewe si mwanaume. Aliyemfungua ni kaka yake mkubwa, ambaye naye alikuwa amepimwa zamani na hakumwambia mtu. Walizungumza wawili, mimi sikuwepo. Jumatatu iliyofuata bwana yangu alivaa shati lake la Jumapili, akaniambia, "Twende."

Dokta alimweleza jambo ambalo wamama tunapaswa kulijua ili tuweze kulisema nyumbani bila kumwaibisha mtu. Nguvu za kitandani ni kitu kimoja, mbegu ni kitu kingine. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu, akatoa maji kama kawaida, na ndani ya maji hayo mbegu zikawa chache, au haziogelei, au hazipo kabisa. Macho hayawezi kuona. Ni darubini ya labo inayoona. Na mwanaume aliyezaa zamani na mwanamke mwingine hawezi kusema amekwisha kujithibitisha, kwa maana hali ya mwili hubadilika.

Kipimo chenyewe kinaitwa spermogramu. Katika vipimo vyote vya uzazi ni kimojawapo cha bei ndogo, na hakina maumivu. Mwanaume anakaa bila kukutana na mke kwa siku mbili hadi saba. Mbegu zinawekwa katika kikopo safi kutoka labo, si katika kondomu ya kawaida, kwa sababu mara nyingi ina vitu vinavyodhuru mbegu. Akitolea nyumbani, kikopo kinabebwa karibu na mwili kisipate baridi, na kifike labo ndani ya saa moja. Matokeo yakiwa mabaya hayaaminiwi kwa mara moja: kipimo kinarudiwa, mara nyingi baada ya miezi mitatu, kwa sababu mwili unahitaji kama miezi miwili na nusu kutengeneza mbegu mpya. Homa kali ya malaria ya mwezi uliopita inaweza kuonekana katika kipimo cha leo.

Mbegu milioni 16 au zaidi katika mililita moja zinahesabiwa kuwa ndani ya kawaida. Bwana yangu alikuwa na milioni 4. Mara ya pili, milioni 5. Dokta akampima kwa mikono akakuta mishipa ya damu imevimba juu ya korodani ya kushoto, ugonjwa unaoitwa varikosele. Damu hukaa pale, joto huongezeka, na mbegu hazipendi joto. Kumbe maumivu yale mazito aliyokuwa akiyasikia jioni baada ya kusimama siku nzima, akifikiri ni uchovu wa kazi, yalitoka hapo.

Kuna sababu nyingine pia: matubwitubwi yaliyompata kijana baada ya kubalehe, kisonono kisichotibiwa vizuri, korodani ambazo hazikushuka utotoni, sigara, pombe nyingi. Dokta alionya pia juu ya sindano za testosteroni ambazo vijana wanachomwa ili wawe na misuli. Sindano hizo huudanganya mwili, nao ukaacha kutengeneza mbegu.

Vipimo vyangu

Mimi pia nilipimwa, kwa maana kupata shida kwa mmoja hakuondoi shida ya mwingine. Dokta aliuliza kwanza: damu ya mwezi inakuja kila baada ya siku ngapi, inauma kiasi gani, umewahi kutoa au kupoteza mimba, umewahi kuugua tumbo la chini. Mama ambaye damu yake inakuja kila baada ya miezi mitatu anaelekea kuwa na shida ya yai kutotoka. Kwa huyo hupimwa damu ili kuona homoni, pamoja na tezi ya shingo na prolaktini, ambayo ni homoni ya maziwa. Kisha ekografia huonyesha kizazi na ovari, na kama kuna fibromu.

Kipimo nilichokiogopa zaidi ni cha mirija. Kinafanywa siku chache baada ya damu ya mwezi kukatika, kabla yai halijatoka. Wanapitisha dawa kidogo kupitia mlango wa kizazi huku wanapiga picha ya radio, waone kama dawa inapita hadi mwisho wa mirija. Iliuma kama maumivu makali ya mwezi, kwa dakika chache. Picha ilionyesha mrija wa kulia uko wazi na wa kushoto umeziba.

Wamama, hapa nasimama kidogo. Mirija huziba zaidi kwa sababu ya ugonjwa ulioingia kutoka chini: klamidia, kisonono, au uchafu ulioingia baada ya kuzaa, kupoteza mimba au kutoa mimba mahali pasipo salama. Kifua kikuu nacho kinaweza kushuka hadi mirijani. Klamidia hasa huweza kukaa mwilini miezi na miaka bila maumivu wala dalili yoyote, kwa mwanamke na kwa mwanaume. Kwa hiyo dokta alituambia wote wawili: mrija ulioziba hauwezi kutuambia nani alileta nini, wala mwaka gani. Anayetaka kuutumia kama ushahidi wa uasherati hatapata ushahidi, atavunja nyumba tu. Nashukuru bwana yangu aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, hakuyapata kwangu.

Kujiosha ndani kwa majani, sabuni au dawa nako alikukataza. Huharibu ulinzi ambao Mungu ameuweka na kufungulia magonjwa njia.

Si laana ya kabila lolote

Nchi yetu inayo historia yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1955 hadi 1957, wakati wa Wabelgiji, kulifanywa uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu, na mtaalamu Anatole Romaniuk aliandika kitabu juu ya uzazi wa Wakongo kutokana na hesabu hizo. Huko Kivu wanawake walizaa sana. Lakini katika sehemu za Équateur, Tshuapa na Uele wanawake wengi walifika uzee bila kuzaa hata mara moja. Watu walisema ni laana, wengine ni uchawi, wengine ni tabia. Sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa, kisonono na kaswende, na baada ya penisilini kuenea uzazi ukapanda. Mabinti wa maeneo yale yale wakazaa. Mama zao walibeba aibu ya ugonjwa uliokuwa na dawa.

Tiba ina ngazi

Bwana yangu alipasuliwa mwaka 2014. Zamu yangu ya likelemba ilifika mwezi ule, na wenzangu watatu walinipa nafasi zao. Siwezi kuwasahau. Dokta hakutuahidi kitu. Alisema upasuaji huo huwasaidia baadhi ya wanaume, si wote, na matunda yake hayaonekani kabla ya miezi kadhaa. Bwana yangu aliacha sigara na kupunguza kasiksi. Baada ya miezi sita mbegu zilifika milioni 13. Mrija wangu wa kulia ulifanya kazi yake. Mwisho wa mwaka 2015 tulipata binti, nami nikabadilika jina.

Kwa mama ambaye yai halitoki kuna vidonge kama klomifeni au letrozoli. Vinasaidia wengi, lakini visinunuliwe kwa farmasia bila dokta: vinaweza kuvimbisha ovari na kuleta mapacha, na mwenye mirija iliyoziba pande zote havimsaidii chochote. Fibromu nyingine huondolewa. Mbegu zikiwa chache kidogo, zinaweza kusafishwa na kuwekwa ndani ya kizazi kwa mrija mwembamba. Ngazi ya juu ni kukutanisha yai na mbegu nje ya mwili, kazi ambayo ilimleta mtoto wa kwanza, Louise Brown, kule Uingereza mwaka 1978. Leo inafanyika karibu nasi, Kampala na Nairobi, lakini inadai dola maelfu, na haifaulu kila mara.

Siandiki haya ili mtu afikiri kila aliyepimwa atazaa. Katika kikundi chetu kuna mama ambaye mirija yake yote miwili imeziba. Walipoambiwa bei ya Kampala walitazamana, wakarudi nyumbani. Familia ilipoanza kumtafutia bwana bibi wa pili, bwana mwenyewe aliwaita wakubwa, akasema, "Shida hii ni yetu wawili. Atakayemtukana yeye amenitukana mimi." Hakusema mrija wa nani. Wanalea watoto wawili wa ndugu yake marehemu, na watoto hao wanamwita mama. Mimi nilipata mtoto, yeye alipata neno lile, na sijui kama mimi ningevumilia miaka yangu kama singekuwa na bwana aliyevaa shati la Jumapili akanisindikiza.

Mambo ya kubeba nyumbani

Ukimaliza mwaka bila mimba, nendeni wawili. Andika tarehe za damu ya mwezi kwa miezi mitatu au minne, na beba karatasi zote za zamani, hata za kituo kilichokuchoma sindano. Omba kipimo cha bwana kifanywe mwanzoni; ni aibu kutumia akiba yote kwa mwili wa bibi kisha kukuta shida ilikuwa kwingine. Ukiambiwa una uchafu, uliza umeonekana kwa kipimo gani. Maumivu ya tumbo la chini pamoja na homa au maji yenye harufu yatibiwe mapema, na bwana atibiwe siku ileile, la sivyo mtarudishiana ugonjwa.

Wenye wana walioa, mama wakwe wenzangu wa kesho, neno lenu lina uzito kuliko la dokta. Mtoto wako wa kiume atakwenda labo haraka zaidi kama wewe ndiye umemwambia si aibu. Na wanaosema aletwe bibi wa pili wakumbuke kwamba Sheria ya Familia ya nchi yetu hairuhusu ndoa mpya kabla ile ya kwanza haijavunjwa. Tena bibi wa pili hawezi kuongeza mbegu za bwana.

Kwa vikundi vyetu nina ombi moja. Kila kikundi kina mama ambaye bado anaitwa kwa jina la usichana wake. Mkikutana juma hili msimuulize lini. Mwekeeni nafasi katika likelemba, na akisema anakwenda kupimwa, mmoja wenu amlindie meza yake sokoni mpaka warudi, yeye na bwana yake.